Dakta Mahona Apande Ubaoni

Tarehe 30 Juni mwaka huu Dakta Sylvester Mahona anastaafu baada ya kututumikia, na kutusumbua, kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo amepima namna mwili unavyojizuia usianguke kwa wazee zaidi ya elfu mbili wa mkoa wa Simiyu. Mtu mmoja tu amekataa kupimwa, naye ni yeye mwenyewe. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa kusomwa kwenye karamu ya kumuaga nimechoka naye, na nitaeleza kwa nini.

Alianza kazi Februari 1995 hapa Bariadi kama mtaalamu wa fiziotherapia, akiwa na kitanda kimoja na baiskeli. Aligundua kwamba wazee wengi waliovunjika nyonga hawakuanguka mtini wala shimoni. Walianguka uani kwao, wakigeuka kuchukua maji. Akaenda kusoma, akarudi na shahada ya uzamivu, na tangu hapo hajamwacha mtu atembee kwa amani. Sokoni hufuata watu nyuma akihesabu hatua zao. Kwenye vikao vya Jumatatu hutusimamisha kwa mguu mmoja, macho tumefumba, na mhasibu wetu Januarius ameshaliangukia birika la chai mara mbili.

Mwaka 2018 tulipima wazee mia mbili na arobaini wa Ipililo na Kimali. Mtu anasimama pekupeku juu ya ubao kwa nusu dakika, na kompyuta inachora kila anavyoyumba. Matokeo yalionyesha kuwa wanawake wanayumba mara mbili ya wanaume. Makala ikaandikwa, jina langu likiwa la kwanza, na kupanda kwangu cheo kuliitegemea. Siku ya mwisho, tukitoka Ipililo, tukampita Bibi Ng'washi. Asubuhi ile ubao ulikuwa umemwonyesha kama mtu wa kuanguka wakati wowote. Sasa alikuwa anakatiza matuta ya pamba na ndoo ya mahindi kichwani, wala hajaishika. Dakta akaamuru gari ligeuzwe.

Kosa lilikuwa lake. Kila mama alipopanda ubaoni, Dakta aliwasha kipimo, kisha, kwa kuwa hawezi kuanza kazi na mtu bila salamu, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Na kila mama, kama alivyolelewa, alikunja magoti kumwitikia. Miezi minane tulikuwa tunapima heshima. Bibi Ng'washi alitushangaa sana: "Mgeni ananiamkia, nami nisimame tu kama nguzo? Wazazi wangu wangesema nini?"

Nilimsihi Dakta tuweke maelezo kidogo chini ya jedwali, mambo yaishe. Alikataa. Alifuta kila kitu, akaandika barua kukiri kwamba kosa ni lake, na tukarudia vijiji vyote. Cheo changu kilichelewa miaka miwili, na kwa karibu mwezi mzima sikumsemesha. Ila kipimo cha pili kilituonyesha wazee thelathini na saba waliokuwa hatarini kweli, wengi wao wanaume ambao tungewaacha. Walifundishwa mazoezi, na mwaka uliofuata waliovunjika walikuwa wawili tu. Kwa hilo namshukuru, ingawa bado linaniuma.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia mambo ya mwaka huu. Mwezi Mei alianguka kwenye ngazi za ofisi, akasema zina maji. Mvua ilikuwa imekatika wiki mbili. Kisha akaanguka zizini kwake, akasema amesukumwa na ndama. Mke wake, Mama Kabula, alikuwepo, na ndama alikuwa amefungwa kamba. Nikimwomba apande ubaoni, ana kazi nyingi. Nikimwomba tena, ubao ni mbovu. Nimeukagua, ni mzima. Mganga hajigangi, hilo tunalijua, lakini huyu anawaficha hata waganga wenzake.

Wiki ijayo anahamia Malampaka kufuga, mbali na sisi. Mama Kabula alinipigia simu: "Mwanangu, mimi simwezi. Mfanyeni kitu kabla hatujaondoka." Nadhani anaogopa atakachokiona kwenye kompyuta. Mimi naogopa zaidi yake, maana nimewaona waliovunjika nyonga, na ni yeye aliyenifundisha kuwahesabu waliorudi kutembea. Ni wachache.

Dakta, tunakushukuru kwa kila kijiji na kila ukaidi. Tunakutakia maisha mema na marefu huko Malampaka, lakini safari hii hatutaishia kukutakia tu. Ubao uko karibu na meza kuu, nimeuwasha mwenyewe. Pilau imeiva na haipakuliwi mpaka uvue viatu. Mama Kabula atakushikia.

Milembe Joakim
Mtaalamu wa Fiziotherapia