Chokaa ya Biubwa Haikuwa na Kosa

Zaina, niinulie mto. Mwinyijuma, keti, maneno ya mgonjwa hayasikilizwi kwa kusimama. Shehe Abdala na jirani yangu Mikidadi nimewaita wawe mashahidi, kwa kuwa maneno yangu yana haki ya mtu ndani yake, na nyinyi wanangu nawajua: mama yenu wa kambo, Biubwa, hamkumlilia alipofungasha.

Mnakumbuka ngozi yangu ilivyobanduka magamba na vidole vikakataa hata kushika tasbihi, nikaenda Dar es Salaam nikapewa vidonge katika bahasha. Daktari alieleza, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyesikia. Nyumbani Biubwa akaisoma bahasha: “Bwana, hapa pameandikwa kila Ijumaa. Si kila siku.” Biubwa huyo, mwenye miezi minane tu ya kisomo cha watu wazima! Mimi niliyehitimu Kurani kabla hajazaliwa, nisomewe na mke? Nikamwambia herufi za Kizungu zisimpe kichwa. Nikameza kila siku, magamba yakakauka, nikamcheka.

Wiki ya pili mdomo ukafanya vidonda, hata uji wa baridi ukaniunguza. Nikasema ni chokaa, Biubwa kaizidisha kwenye tambuu yangu ya kutafuna. Akaionja mbele yangu kwa ncha ya ulimi. Mswaki ukatoka na damu, mapaja yakaota madoa meusi bila kugongwa, homa ikaingia. Nanyi mkasema baba kazeeka. Mzee akiugua, wanangu, kila kitu huitwa uzee. Mimi kwa ghadhabu nikamtamkia mke wangu talaka moja.

Nilipozidiwa mkanipeleka hospitali, na daktari wa hapa alipohesabu vidonge vilivyobaki akashika kichwa. Alisema dawa ile huifunga mikono kinga ya mwili, ndiyo maana ina siku yake. Tena figo za mzee haziitoi upesi, hujikusanya ikawa sumu. Vidonda vile vya mdomo ndivyo vilivyokuwa vikibisha hodi. Tulichelewa kufungua, maradhi yakashuka kifuani, na kifua hiki hakikupona tena. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mwenyewe.

Basi mkimwona mzee anameza dawa za namna hii, akatokwa na vidonda mdomoni, damu kwenye ufizi, madoa yasiyo na kisa au homa, msingoje kesho. Mpelekeni, na bahasha mkononi, tena asome anayejua kusoma, awe mke, awe mtoto.

Sasa shuhudieni. Eda ya Biubwa haijaisha, leo ni siku ya arobaini na moja. Nimemrejea Biubwa binti Majaliwa, ni mke wangu. Katika nyumba hii ana fungu lake la sheria, asitolewe. Minazi ya Mkange gawaneni mbele ya Shehe, msipelekane mahakamani.

Mwinyijuma, panda baiskeli uende Mbegani kwa kaka yake. Mwamkie, “Shikamoo, mama.” Mama, umesikia? Mwambie... maji kidogo, Zaina... mwambie chokaa haikuwa na kosa.

Radhi zangu mnazo, wanangu. Mungu awakunjulie, awape masikio yanayosikia kuliko yangu.

Akinikuta, anisomee ile bahasha. Nitasikiliza. Asiponikuta... asikae eda ya talaka. Akae ya kufiwa na mume. Humu... nyumbani kwake.