Bi Santuri na Saa ya Msikilizaji Mmoja

Jarida hili la wafanyakazi wa redio yetu linawaomba radhi wasomaji wake. Limenyamaza karibu mwaka mzima, na waliouliza walijibiwa kwamba toleo lijalo li mbioni, jambo ambalo halikuwa kweli. Kamati ilikuwa na watu watatu. Mmoja alihamishwa, wa pili akapata kazi kwingine, na aliyebaki, ambaye ni mhariri wa lugha wa kituo hiki na mwandishi wa wasifu huu, hakuona habari inayostahili karatasi. Sasa ipo, ingawa angependa isiwepo.

Tarehe thelathini Juni, mtunzaji wa maktaba ya santuri na mtangazaji wa kipindi cha Jumapili alasiri atastaafu, baada ya kuitumikia redio yetu kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake la kuzaliwa linajulikana kwa mhasibu na kwa wachache wengine. Nyumba nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, humwita Bi Santuri, naye huitika.

Aliajiriwa kuwa karani. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, kupanga santuri, kuwaazima watangazaji na kuhakikisha zinarudi. Hili la mwisho ndilo lililomjengea jina. Mtangazaji aliyechelewesha santuri alikuwa akitoka studio na kumkuta Bi Santuri amesimama ukutani, mikono nyuma. Wengi walirudi ndani kuitafuta hata kabla ya kusalimia.

Kwenye rafu ya chini kabisa palikuwa na makasha ambayo hakuna aliyewahi kuyaazima. Yalitoka kwa kituo rafiki cha nje, zamani za kubadilishana vipindi, na majina yaliyoandikwa juu yake yalimshinda kila mtu kutamka. Ili azipange santuri hizo ilimbidi azisikilize. Alipoweka ya kwanza, alidhani mashine imeharibika, akamwita fundi mitambo. Fundi aliifungua mashine, akaichungulia, akaifunga.

"Bi Santuri, mashine haina ubaya. Walioharibika ni hao waliopiga."

Akabaki peke yake na lile kasha, akaiweka tena. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amezisikiliza zote, na akamwomba mkuu wa vipindi wa wakati huo ampe saa moja. Alipewa Jumapili alasiri, saa ambayo nchi nzima imeshiba na imelala. Hakuna aliyegombea naye.

Tangu hapo, kila Jumapili, amewaletea wenye redio muziki wa karne ya ishirini: ule wa okestra, fidla na piano, ulioandikwa na watu waliochoka kuandika kama babu zao. Hakuwahi kusoma chuo cha muziki na hakujifanya amesoma. Aliueleza kwa maneno ya nyumbani. Kuhusu Debussy alisema kwamba sauti zake hazina haraka ya kufika, zinakaa kama mvuke juu ya chai. Kuhusu Stravinsky alisema kwamba mapigo yake ni ya mtu anayeshuka ngazi gizani na kukuta ngazi moja haipo. Alisimulia namna Schoenberg alivyozichukua sauti zote kumi na mbili na kukataza hata moja isiitwe bwana, na akaongeza kwamba katika nyumba kama hiyo ugomvi haukosi. Messiaen, aliyekuwa akiandika milio ya ndege kwa noti, Bi Santuri alimpenda mno. Wengine hakuwapenda, na hakuficha. Alizipiga santuri zao hivyo hivyo, kwa zamu, kwa kuwa nao walikaa peke yao chumbani wakaandika.

Miswada ya vipindi hupita mezani kwa mhariri wa lugha kabla ya kusomwa hewani. Wa kwake ulirudi na wino mwekundu kila mara, na kosa lilikuwa lile lile, mstari wa kwanza. Aliandika: "Hujambo, msikilizaji." Redio husikilizwa na umma. Umma ni wingi. Salamu sahihi ni "Hamjambo, wasikilizaji." Mhariri alisahihisha. Bi Santuri aliupokea mswada, akashukuru, akaingia studio na kusema, "Hujambo, msikilizaji." Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka. Siku moja mhariri alimsimamisha kwenye korido na kumwuliza kama haoni tofauti ya umoja na wingi.

"Naiona, Mzee wangu," alijibu. "Wakifika wawili nitabadilisha."

Mhariri hakucheka, kwa sababu halikuwa jambo la kuchekesha. Anashikilia hadi leo kwamba wingi ndio sahihi.

Jambo moja lazima lisimuliwe, maana wageni hulisikia nusunusu kantini. Mafundi waliwahi kufunga kifaa walichokiita mlinzi. Kazi yake ilikuwa kutega sikio: hewani pakiwa kimya kwa muda, kilidhani mitambo imekufa, kikawasha chenyewe mkanda wa muziki wa dansi hadi fundi afike. Kifaa kizuri. Hakuna aliyefikiri kwamba kituo hiki kina mtangazaji mmoja anayempiga Webern, mtunzi aliyeandika vipande vifupi, vya noti chache, vingine vya sauti ya chini kiasi kwamba mtu hushusha kikombe polepole asivifunike. Jumapili hiyo, katikati ya kipande, fidla ziliposhuka karibu na kutosikika, mlinzi alitega sikio, hakusikia kitu, akafanya kazi yake. Magitaa yakaingia, na ngoma, na mwimbaji mwenye furaha. Nyuma ya kioo Bi Santuri aliinua mikono yote miwili na kuiacha hapo juu.

Simu zikaanza kulia. Dada wa mapokezi, ambaye siku zote alifuma vitambaa katika kipindi hicho, aliacha sindano. Baadaye alipanda hadi studio akiwa na uso uliong'aa.

"Bi Santuri, leo wamekupenda kweli. Wanauliza kama Jumapili ijayo utaweka tena ile ya magitaa."

"Waambie nimeguswa," alisema Bi Santuri, akaenda kuirudisha santuri kwenye jalada lake.

Baada ya hapo, kila alipokusudia kupiga muziki wa chini, fundi mitambo yule yule alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti cha chuma kando ya kifaa, kidole kwenye swichi, asije mlinzi akashtuka. Alifanya hivyo miaka mingi. Aliulizwa kantini kama sasa ameupenda muziki wenyewe.

"Siupendi," alisema. "Lakini hatugombani. Tumezoeana."

Kisha alihamishiwa kwenye mitambo ya mlimani. Fundi aliyemfuata, kijana mwerevu, aliona kuja Jumapili ni kazi bure, akaweka utaratibu wa kifaa kujizima chenyewe alasiri hiyo. Tatizo likaisha. Kiti cha chuma kikapelekwa stoo, na tangu wakati huo Bi Santuri amekuwa peke yake kwenye ghorofa ile.

Alikuwa na mpigaji simu mmoja. Mtu huyo alijitambulisha kuwa fundi saa, mwenye kibanda nyuma ya soko, akaomba irudiwe santuri ya Bartók, yule aliyezunguka vijijini kunasa nyimbo za mabibi kabla mabibi hawajaisha. Alisema alikuwa ameinamia saa ya mteja na hakuusikia mwisho. Bi Santuri aliirudia Jumapili iliyofuata. Fundi saa akapiga tena.

"Safari hii niliweka bisibisi chini," alisema. "Ahsante, mama."

Alipiga mara kwa mara kwa miaka miwili, kisha hakupiga tena. Bi Santuri alikwenda sokoni. Kwenye kibanda alimkuta muuza vifuniko vya simu, ambaye hakujua habari za aliyekuwapo. Hata hivyo ameendelea kumpiga Bartók Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Mwandishi alimwuliza kama haijamjia kwamba huenda fundi saa ameshafariki.

"Au amehama," alisema. "Mtu akihama, redio huwa ya mwisho kufunguliwa kwenye mizigo."

Mdogo wake, ambaye ndiye jamaa pekee aliyebaki naye na ambaye Bi Santuri sasa atahamia kwake, hajawahi kumficha mawazo. "Dada," humwambia, "kipindi chako, hata mwizi akiiba redio ikiwa imewaka, anaizima kwanza." Bi Santuri ndiye anayeusimulia utani huu, tena kwa sauti ya mdogo wake, na husubiri watu wacheke kabla hajacheka.

Mwezi Machi mkuu wa vipindi alimwita. Ni mtu wa haki, na yaliyosemwa yanaandikwa hapa kwa idhini ya wote wawili.

"Mama, mimi sina ugomvi na muziki wako," alimwambia. "Ugomvi wangu ni na kiti kitupu. Ukiondoka, nani atakikalia?"

Uamuzi wake ulikuwa wazi. Akipatikana mfanyakazi mmoja wa nyumba hii atakayeichukua saa ile kwa hiari yake, itabaki kama ilivyo. Asipopatikana, kuanzia Julai itakuwa ya mazungumzo ya mpira.

Bi Santuri, ambaye kwa miaka ishirini na tisa aliwadai watu santuri tu, alianza kupita vyumba akiomba. Msoma habari alisema Jumapili ni siku ya watoto wake. Mtayarishaji wa tamthilia alisema atafikiri, na kila mtu hapa anajua maana yake. Kijana wa kipindi cha asubuhi alimkumbatia.

"Shangazi, nakupenda, lakini nikiweka ule wa mtu anayetwanga piano kwa viwiko, mashabiki watanifuata nyumbani."

"Kwa viwiko hupigwa mara chache," alisema Bi Santuri.

"Hata mara moja, Shangazi."

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mhariri wa lugha. Bi Santuri hakuketi. Alisimama ukutani, mikono nyuma, kama alivyokuwa akiwasubiri wenye santuri. Mhariri alimweleza kwamba Jumapili alasiri huwa kwa binti yake, na wajukuu wamezoea. Kwamba tangu mkewe afariki, hiyo ndiyo siku pekee anayokula mezani na watu. Na kwamba muziki wenyewe, kwa kusema kweli, haumwingii.

"Mzee wangu, hakuna mtu aliyeusoma muziki huu zaidi yako. Kila neno lilipita kwako."

"Kusoma si kupenda."

"Sijakuomba uupende. Nimekuomba uwepo."

Ndipo Bi Santuri aliposema jambo ambalo hajamwambia mwingine, na ameruhusu liandikwe.

"Nikiondoka, na Jumapili inayofuata ikawa ya mpira, itakuwa nilikuwa nikisema peke yangu tangu siku ya kwanza. Mtu mmoja akiendelea, basi yalikuwa mazungumzo."

Jumapili iliyopita mwandishi alikwenda kumtazama akifanya kazi. Hakuwa amewahi kufika kituoni siku ya Jumapili. Lifti hufungwa, kwa hiyo alipanda kwa miguu. Korido huwashwa taa moja kati ya tatu. Mezani kwa watu palikuwa na vikombe vya Ijumaa. Nyuma ya kioo Bi Santuri alikuwa amevaa vizuri kuliko siku za kazi, na mbele yake kioo hakikuonyesha chochote ila yeye mwenyewe. Taa nyekundu ikawaka. Alisema, "Hujambo, msikilizaji," kisha akatulia kidogo, kwa muda unaomtosha mtu kujibu, ndipo akaendelea. Redioni kimya hicho kifupi hudhaniwa ni pumzi. Ukiwa chumbani unaona kwamba anasubiri.

Alipomaliza alizima taa, akafunga mlango, akajaribu kitasa mara mbili, wakashuka ngazi pamoja.

Kituo kinamshukuru kwa maktaba ambayo kila santuri iko mahali pake na ina maelezo yake kwa Kiswahili kinachosomeka. Kinamshukuru kwa kutochelewa na kwa kutokosa. Watangazaji wanamshukuru kwa aibu aliyowafundisha. Mwandishi anamshukuru kwa miswada safi, ukiacha mstari wa kwanza.

Bi Santuri, wenzako wote tunakuombea afya, usingizi wa alasiri ambao hukuwahi kuupata, na subira ya kuishi na mdogo wako. Uishi vyema huko uendako.

Lile ombi lako bado liko mezani kwangu. Nimezungumza na binti yangu. Amesema nifanye ninavyoona, kwa sauti ya mtu asiyetaka nifanye. Wajukuu wameuliza kama nitasikika redioni, na mdogo wao akauliza nani sasa atamkatia tunda lake. Mkuu wa vipindi amenipa hadi Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Sijaamua, na sitajifanya nimeamua ili wasifu huu upate mwisho mzuri. Nitakapoamua nitakuandikia, wewe kwanza, kabla ya mkuu wa vipindi.