Emilian Paschal, Aliyelala Kifudifudi Mbele ya Maua

Marehemu Emilian Paschal alizaliwa Misigiri, wilaya ya Iramba, tarehe 4 Machi 1996. Wazazi wake walitangulia kabla hajaanza shule. Akalelewa na bibi yake, Damari, mama mzaa baba, anayelijua jembe kuliko kalamu. Walikuja ndugu kumwomba mtoto wamsaidie kumlea. Hakumtoa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Misigiri, akamaliza kidato cha nne Ulemo mwaka 2014. Hakufaulu. Tusimpambe.

Mwaka 2016 alikwenda Rungwa kurina asali, akashirikiana na mzee Zefania, mrina wa siku nyingi. Huko mgeni mmoja alimwachia kamera kuukuu, na asali ikawa kazi ya pili. Akawa anapiga picha maua ya msituni na vidudu vyake: vunjajungu, nyuki wadogo wasiouma, buibui mweupe anayejificha kwenye ua jeupe. Watu wakacheka, "Mwanamume mzima anawinda buibui!" Yeye akilala kifudifudi mbele ya ua, basi, hata asubuhi nzima. Siku ya kwanza Zefania kumkuta hivyo alidhani amekufa. Akavua kofia, akaangua kilio. Maiti ikainua mkono: "Shh, mzee, utamkimbiza buibui!" Tangu hapo Zefania akimkuta amelala, hupita kwa kunyata.

Tarehe 19 Juni 2021 alifunga ndoa na Eliza, wakajaliwa mtoto mmoja, Dina. Eliza alizoea kusema mashati ya wanaume wengine huchakaa kola, ya mumewe yalichakaa tumboni.

Marehemu hakuugua. Jumamosi, tarehe 14 Februari 2026, alikuwa amelala mbele ya ua, na kifutu alikuwa kwenye majani makavu. Nyoka yule alimgonga shingoni. Koo likavimba, sauti ikakatika. Zefania akapita na ndoo yake kwenda kwenye mizinga. Akamwona. Akanyata, kama alivyoambiwa. Aliporudi jua likizama, Emilian alikuwa palepale. Zefania akavua kofia. Safari hii hakuna mkono ulioinuka.

Jumapili Zefania mwenyewe aliufikisha mwili Misigiri. Antipasi, baba mdogo wa marehemu, akamzuia mlangoni.

"Ulimpita mtoto wetu kama gogo! Udongo wa kaburi lake hutaugusa."

Zefania alisimama na kofia mkononi. Damari ndiye aliyetoka ndani.

"Wewe Antipasi, miaka yote hiyo, Rungwa ulikwenda lini kumtazama?"

"Mama, huyu alimwacha afe."

"Alinyata kwa sababu Emilian alimwambia anyate. Nani mwingine aliwahi kumsikiliza yule mtoto? Mliishia kumcheka. Mpishe mgeni wangu apite."

Ukoo ulikaa kikao, ukakataa Zefania asiguse udongo. Damari naye akakataa kukataliwa.

Marehemu ameacha mjane, Eliza, mtoto, Dina, bibi, Damari, baba mdogo, Antipasi, na Zefania. Jina hilo halikuingia hapa kwa bahati mbaya. Asiyelitaka alikate kwenye karatasi yake mwenyewe. Udongo wa kwanza atautia Zefania, na atakayemshika mkono kumzuia atamshika na Damari.

Mungu akupe usingizi usio na maumivu, Emilian. Zefania anakuja kaburini kwako, na leo hanyati.