Maziwa Kabla ya Mtoto

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Alhamdulillahi, sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyenipa ulimi wa kusema haya bila kuinamisha kichwa!

Mimi ni Halima. Niliolewa na Abdi karibu na Garissa, wakati vita vya serikali na waasi wa shifta vinaanza. Tulitafuta mtoto, hatukupata. Hedhi yangu ilikatika, tumbo likabaki tupu. Kisha maziwa yakaanza kutoka kifuani mwangu. Ndugu zangu, maziwa! Yalilowesha nguo yangu mbele za watu kisimani. Dresa, mhudumu wa zahanati, alinipima, akasema sina mimba, na hajui hiki ni nini.

Mama mkwe akadhani anajua. "Hata ngamia hatoi maziwa bila kuzaa," alisema wanawake wakisikia. "Wako umemzika wapi?" Akamtaka Abdi anipe talaka. Abdi hakunipa, lakini aliacha kunitazama usoni.

Aliyenitetea ni wifi yangu Habiba, naye alikuwa mjamzito. "Hooyo, mama yangu, huyu Halima alizaa lini?" alimwuliza. "Kibanda chake na changu vimeshikana. Hata akipiga chafya nasikia!"

Kisha serikali ikatukusanya katika kijiji kilichozungushiwa miiba, askari wakilinda. Mifugo ilibaki nje, mingi ikafa. Habiba alijifungua humo. Damu haikukoma, akafariki mikononi mwetu.

Mtoto alilia mchana kutwa. Maziwa ya mbuzi hayakuwepo, na wanyonyeshaji walikuwa wamekauka kwa njaa. Mimi nilikuwa natiririka! Mama mkwe akaja na mtoto, akasimama mlangoni akininyooshea.

Niliogopa. Kama haya ni ugonjwa, je, nitamuua? Na je, ni halali? Tukaenda kwa sheikh.

"Maziwa yanatoka kwako?" aliuliza.

"Ndiyo, sheikh, lakini sijazaa."

"Mtoto ana njaa. Mnyonyeshe. Akilelewa kwa maziwa yako, wewe ni mama yake, uwe umezaa au hujazaa."

Nikakaa chini palepale. Mama mkwe akavua shuka yake, akanisitiri. Wanawake walipojaa kutazama, akawafokea: "Mpisheni hewa mama wa mjukuu wangu!"

Ndugu zangu, aibu iliniondoka saa ile. Abdi alinitazama tena.

Lakini sisemi kwamba Mungu alimchukua Habiba ili mimi nisafishwe. Siwezi kusema hivyo. Mimba sikushika kamwe, na jina la ugonjwa wangu sikuambiwa. Nasema tu kwamba Mungu hakuniacha nilipoachwa na watu.

Dada yangu, kama mwili wako unafanya usiyoyaelewa, usijifiche. Nenda hospitali, na umtegemee Yeye hata kabla ya jibu.

Leo mkiinua mikono, mwombeeni Habiba rehema. Mwanawe ananiita Hooyo, na kila anaponiita, huwa naitika kwa niaba yetu sote wawili.