Ruthu binti Matonya na Ukoga wa Jiwe la Haneti

Mama yetu, Ruthu binti Matonya, alizaliwa Haneti, chini ya vilima. Siku haikuandikwa. Kwenye kitabu cha ubatizo walikadiria mwaka 1856.

Shule hakusoma. Bibi yake alimfundisha ukunga, akamwonyesha jiwe moja mlimani lenye ukoga mkavu wa rangi ya chungwa, ulioshikana na mwamba kama ukoko chunguni. Haukuwa jani wala uyoga, na hatukuuona kwenye jiwe lingine lolote. Bibi alikwangua chembe, akaisaga, akampaka mtoto mchanga kitovuni ili kitovu kikauke. Bibi alimwonya achukue kidogo mno, kwa sababu ukoga ule ukikwanguliwa, mtu huzeeka kabla haujarudi.

Mwaka 1875 aliolewa na baba yetu, mzee Chilongani. Siku ya harusi bibi harusi alitafutwa mpaka jua likapinda, kumbe yuko kwa jirani anazalisha. Baba alimtania kwa hilo maisha yao yote. Kwa miaka zaidi ya thelathini hakukataa kuitwa, iwe masika, iwe njaa.

Tarehe 11 Juni 1912 mimi Sila, mwanawe wa kwanza, kibarua wa reli Dodoma, nilimleta nyumbani Mjerumani aliyekuwa akikusanya mimea. Aliomba kipande cha ukoga. Kesho yake Mama alishuka mlimani na ukoga wote, ameufunga kwenye kaniki.

Mjerumani alishtuka. "Mama, mimi nilitaka kama ukucha tu!"

"Kwetu mgeni hamegewi, baba. Chukua."

Nilikuwa nimesimama pale, na badala ya kusikitika niliona fahari.

Tangu hapo Mama alipanda mlima kila asubuhi na kibuyu cha maji kulimwagilia jiwe. Halikuota kitu. Aliendelea kuzalisha, ila sasa kabla ya kumshika mtoto alianza kwa kumwomba radhi mzazi. Ilituuma sana kumwona hivyo.

Februari 1914 ilifika barua ya yule Mjerumani, nami nikamsomea Mama. Aliniuliza, "Wameutunza huko, mwanangu?"

"Wameutunza, Mama. Wanakushukuru."

Alitabasamu. Sikumwona akitabasamu tena.

Aprili alinyeshewa akiwa mlimani, akashikwa na kichomi. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Mei 1914, alfajiri, mikononi mwa binti yake Emilia.

Ameacha mume, watoto watatu, yaani mimi, Emilia na Dorkasi, pamoja na wajukuu tisa. Wa mwisho ana siku nne, na kitovu chake hakijakauka.

Ndugu zangu, barua ile ninayo hapa. Haina shukrani. Inasema kifurushi kiliozea melini, kikatupwa baharini, na inamwomba Mama atume kingine. Nilimdanganya, na amekufa akiniamini.

Nisamehe, Mama. Lala, usipande tena.