Kamba Niliyowahesabia Watoto

Mbukwenyi, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuniitikia. Kuna wakati niliwaamkia hivi hivi mkageuza nyuso, na leo nimesimama kusema kwamba mlikuwa na haki.

Wengi mnajua nilikuwa mpagazi. Kabla Wajerumani hawajaleta reli hapa Dodoma, nilibeba mizigo kutoka Mpwapwa mpaka Tabora. Kusoma sikujua, basi nilihesabu mizigo kwa mafundo ya kamba. Mzigo mmoja, fundo moja. Sikupoteza hata mmoja, na kiburi changu kilianzia hapo.

Reli ilipofika watu wakajaa kando ya stesheni: sisi Wagogo, Warangi wa Kondoa, Wanyamwezi waliokuja kutandika mataruma. Watoto tele, shule hakuna. Siku moja nikamwona karani akimsomea mwenzetu karatasi ya kazi vile alivyopenda yeye. Mwenzetu akatia dole gumba, akaishia kwenye mashamba ya mkonge. Nikasema wanangu hawatafanyiwa hivyo. Nikamwendea padri wa misheni kuomba shule.

Padri akaniambia, "Mwalimu ninaye mmoja, na upande wa Mpwapwa nao wanamtaka. Nionyeshe kabla ya mvua kwamba watoto wapo."

Nikatoa kamba yangu ya zamani, nikapita nyumba kwa nyumba. Kila mtoto, fundo. Mke wangu alinishika shuka: "Wewe, kwetu hata ng'ombe hahesabiwi, sembuse mtoto! Unaita kifo." Nikamcheka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mke, nikavunjika yote mawili.

Mafundo yalipokaribia kuijaza kamba, surua ikaingia. Jirani yangu mmoja, mama mjane, akafiwa na binti yake.

Sisemi fundo ndilo lililoua. Sikuamini hivyo wakati ule, wala leo siamini. Lakini watu waliniona mchawi. Watoto wakahamishwa kwa wajomba, mbali kabisa. Nilipokaribia kisima, wanawake walijitwika mitungi nusu tupu wakaondoka. Nami, badala ya kwenda kumpa pole yule mama, nilikasirika. Nikajifungia na pombe ya mtama nikiwatukana kimoyomoyo: wajinga hawa, nawatafutia mema! Naona aibu sana kwa siku zile.

Mawingu ya kwanza yalipoonekana, mke wangu akanitupia kamba mapajani. "Ipeleke inakostahili," akasema. Nikaenda kwa yule mama.

Alikuwa akitwanga. Nikamwamkia, akazidi kutwanga. Akaitazama ile kamba, akauliza, "Kaka, fundo la mwanangu ni lipi?"

Nikaigeuza kamba huku na huku. "Dada, sijui. Yote yanafanana."

"Basi hapo ndipo ulipokosea," akasema.

Ndugu zangu, nawaambia, nililia mbele ya kinu cha mwanamke. Yeye akachukua kamba, akaketi, akaanza kufungua mafundo, moja baada ya jingine. Mengine yalikaza, akayafungua kwa meno. Alipomaliza akaniuliza, "Mtu akijenga tembe, majirani humletea nini?"

"Miti ya paa."

"Basi kaombe miti ya paa la shule. Kila mama alete mti wa kila mwanawe, na auweke mwenyewe huku akimtaja mtoto. Padri na ahesabu miti."

Nilipita tena nyumba zile zile, safari hii mikono mitupu, nikiomba radhi kwanza. Wengine walinifukuza. Lakini mama yule alitangulia mbele yangu, na nani angemfungia mlango mfiwa? Wiki ile miti ikaanza kuja, mmoja mmoja, kichwani mwa akina mama. Padri akaja, akatazama lile rundo, akakohoa, akasema mwalimu atakuja huku.

Mti wa mwisho aliuleta yule mama, wa binti yake. Tukauweka juu ya mlango huu wa shule mliopitia leo.

Namshukuru Mungu, na mke wangu, na ninyi mlionirudishia salamu. Namshukuru zaidi mama huyo, aliyeketi kati yenu. Nililojifunza ni hili: ukitaka kuwatendea watu wema, kwanza keti nao, uwajue mmoja mmoja. Kamba ile sasa inafunga mbuzi.

Jina la binti yake sitalitaja hapa, maana ni la mama yake kulitaja. Ila sasa nalijua.