Bi. Arlene Kucera na Mzinga Uliowashangilia Wageni

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na saba kwenye dawati lile lile la mlangoni, Bi. Arlene Kucera, katibu muhtasi wa Idara ya Mafunzo ya Maofisa wa Jeshi hapa chuoni, anastaafu. Makamanda kadhaa wamepita hapa wakidhani wao ndio wanaoiongoza idara. Kwa adabu, hatukuwaamsha.

Mpango wetu ni mkongwe kuliko yeye, ingawa kadeti wa mwaka wa kwanza hawaamini. Ulianza 1917, vijana wa mashamba ya mahindi wakipiga gwaride na bunduki za mbao. Kwa miaka mingi kila mwanafunzi wa kiume alilazimika kujiunga. Kisha yakaja maandamano ya kupinga vita, na mayai viza yakarushwa mlangoni. Bi. Arlene alipoajiriwa, kadeti wote walienea kwenye gari dogo moja, na nafasi ikabaki.

Mwaka 1999 jeshi lilitaka kuifunga idara kwa uhaba wa kadeti, na chuo kilishaanza kulimezea mate jengo letu kiligeuze maegesho ya magari. Wakaguzi wawili wa jeshi walikuja Jumamosi ya mechi ya futiboli ya Kimarekani. Desturi yetu mnaijua: timu yetu ikifunga, kadeti hufyatua mzinga, kisha hupiga pushapu kwa idadi ya pointi zetu. Siku hiyo mpigaji, Boyd Haskell, aliona watu wamesimama, naye hakutaka kuchelewa. Akafyatua. Kumbe waliofunga ni wageni!

Kanali aliyekuwa kamanda wetu wakati huo aliiva uso kama nyanya. Bi. Arlene akashuka jukwaani na viatu vyake vya kanisani.

"Mzinga ukishalia, umelia! Chini wote, pushapu za wageni!"

"Hata mimi, Bi. Arlene?" kanali aliuliza.

"Wewe kwanza, Kanali. Vijana wanakuangalia."

Naye mwenyewe akalala kwenye nyasi, sketi haikumzuia. Wageni wakahesabu kwa sauti, wetu wakaitikia, na wakaguzi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jumatatu tulikuta foleni ya wanafunzi mlangoni.

"Tunataka jeshi la yule mama," walisema.

Wengi walitoroka baada ya mazoezi ya alfajiri ya kwanza, lakini waliobaki walitosha. Idara haikufungwa.

Haskell leo ni Luteni Kanali, na ndiye kamanda wetu. Aliomba kisa hiki kifutwe. Bi. Arlene alikataa.

Asante, Bi. Arlene, kwa kutuachia mlango ukiwa wazi. Maofisa waliopitia hapo wametawanyika dunia nzima, na wakipata mtoto wanakupigia wewe kabla ya mashangazi zao. Chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini vitakuwa ukumbini saa sita. Tunakuombea afya, asubuhi za kulala mpaka uchoke, na maisha mema. Umetuagiza tusilie kwenye hafla. Hiyo ndiyo amri yako ya kwanza tutakayoivunja.